Mfupa Bandia au Kijazio cha Mfupa? Jina la Kitu na Idhini ya Mgonjwa

Mwanafunzi wa isimu hufunzwa katika muhula wake wa kwanza kwamba uhusiano uliopo baina ya neno na kitu kirejelewacho ni wa nasibu: mbwa angeweza kupewa jina jingine lolote na bado angebweka. Kanuni hiyo ni ya kweli na hakuna haja ya kuipinga hapa. Hata hivyo, yapo mazingira ambamo jina lililoteuliwa kwa pupa humfanya mtu aridhie jambo asilolielewa, na gharama ya kutoelewa huko akailipa kwa mwili wake. Wodi ya upasuaji wa mifupa ni mojawapo ya mazingira hayo. Makala haya yanahusu vitu vinavyotiwa ndani ya mfupa wa mkono uliovunjika na kupoteza sehemu yake, pale ambapo daktari hataki au hawezi kutumia mfupa wa mgonjwa mwenyewe. Jina linalomjia mzungumzaji upesi ni "mfupa bandia". Hoja ya makala haya ni kwamba jina hilo huahidi kisichokuwapo, na kwamba mgonjwa anastahili kuelezwa kwa Kiswahili chepesi kitu hicho ni nini, kimetoka wapi, kinagharimu kiasi gani na kuna njia gani nyingine, kabla hajatia sahihi.

Mgonjwa huyo si wa kufikirika tu. Munyaka ni mtaa ulioko pembezoni mwa Eldoret, kando ya barabara iendayo Iten. Jina lenyewe ni la Kikuyu na maana yake ni bahati. Eldoret ilipandishwa hadhi ikawa jiji mnamo Agosti 2024, ingawa wapo wazee ambao kwao mji huo ungali Sisibo, yaani shamba nambari 64 la enzi za ukoloni. Kupandishwa hadhi kwa mji hakujabadilisha sana namna mkazi wa mtaa kama Munyaka anavyojipatia riziki. Wengi hupanga vyumba, na kazi zao ni za mkono kwa maana halisi ya neno: mjengo, useremala, kufua, kubeba mizigo, kuuza mboga, vibarua vya mavuno ya mahindi na, zaidi ya zote kwa vijana, kuendesha bodaboda. Wahenga walinena kwamba mkono mtupu haulambwi. Mkono usioweza kukunja vidole hautapata hata cha kushika ili ulambwe.

Njia za kuumia zinajulikana. Mwaka 2008 serikali iliziondolea pikipiki ndogo, zenye injini zisizozidi ukubwa wa 250cc, kodi ya ongezeko la thamani, na tangu hapo usafiri huo ukaenea hadi vichochoroni. Anayerushwa na pikipiki hujikinga kwa kunyosha mkono mbele, na uzito wote wa mwili hutua juu ya kiganja. Msimu wa mavuno nao huleta mashine za kupukuchua mahindi, ambazo hazibagui kati ya gunzi na kidole. Fundi wa mjengo huanguka kutoka jukwaani. Wenye majeraha makubwa hufikishwa katika Hospitali ya Mafunzo na Rufaa ya Moi, taasisi iliyoanza mwaka 1917 kama hospitali ndogo ya wenyeji na ambayo leo hupokea wagonjwa wa rufaa kutoka eneo lote la magharibi ya nchi. Wengine hupitia kwanza kwa wataalamu wa jadi wa kuunga mifupa, wafike hospitalini baada ya majuma mengi, mfupa ukiwa umekataa kuunga au umeunga kombo.

Hapo ndipo lugha inapoanza kusumbua, hata kabla ya upasuaji kutajwa. Neno "mkono" kwa Kiswahili huanzia begani likakomea kwenye ncha za vidole. Neno "kiwiko" ni gumu zaidi: kwa baadhi ya wasemaji ni pale kigasha kinapokutana na kiganja, na kwa wengine, hasa nchini Kenya, ni pale mkono unapokunjikia, mahali ambapo wenye msamiati mpana huita kisugudi. Mgonjwa akiambiwa kuwa kiwiko chake kimevunjika, anaweza kuondoka akiwa na picha ya kiungo kingine kabisa. Ndani ya kifundo cha mkono mna mifupa midogo minane, na mmoja wao, wenye umbo la mtumbwi, ndio uvunjikao zaidi mtu anapoanguka juu ya kiganja. Mfupa huo una kasoro ya maumbile: damu yake huingilia upande wa vidole na kurudi nyuma kuelekea kigasha. Ukivunjika katikati, kipande cha nyuma hukosa damu. Wakati mwingine picha ya eksirei ya siku ya kwanza haionyeshi ufa wowote. Kijana huambiwa ameteguka, hurudi barabarani, na baada ya miezi kadhaa huona hawezi kuvuta klachi pasipo maumivu. Mfupa wa namna hiyo mara nyingi huhitaji kusafishwa, kutiwa pandikizi na kukazwa kwa skrubu.

Pandikizi hilo linafanya nini? Mfupa mpya unahitaji mambo matatu ili uote. Kwanza ni kiunzi, mfano wa miti ya jukwaa la mwashi, ambacho chembe hai zitakitambaa. Pili ni wito, yaani kemikali zinazoziamrisha chembe za jirani zigeuke kuwa wajenzi wa mfupa. Tatu ni wajenzi wenyewe, chembe zilizo hai. Mfupa uliochukuliwa kwa mgonjwa mwenyewe, kwa kawaida kutoka ukingo wa nyonga, huja na yote matatu. Mfupa wa mtu mwingine uliohifadhiwa hupoteza uhai wake lakini hubaki na kiunzi na sehemu ya wito. Vitu vya kiwandani, vingi vyavyo, huleta kiunzi peke yake. Tofauti hii ndiyo kiini cha suala lote, na ndiyo ambayo jina "mfupa bandia" huificha.

Historia yenyewe ilianzia mkononi. Mwaka 1879 huko Glasgow, Uskoti, daktari William Macewen alimtibu mtoto mdogo ambaye mfupa wa mkono wake wa juu ulikuwa umeharibiwa na usaha. Alichukua vipande vya mifupa iliyokatwa katika miguu ya watoto wengine, waliokuwa wakinyoshwa matege, akavipanga ndani ya pengo, na mkono ukapata kufanya kazi. Miaka michache baadaye, mwaka 1892, Mjerumani aitwaye Dreesmann alieleza namna alivyojaza mashimo ya mifupa kwa plasta, ile ile ambayo mafundi hupambia dari. Plasta hiyo ilivumilika mwilini ikayeyuka, na hadi leo aina yake iliyosafishwa ingali inauzwa kwa kazi hiyo. Tatizo lake ni haraka: huyeyuka kwa majuma machache, aghalabu kabla mfupa mpya haujaota. Chumvi nyingine za kalsiamu na fosfeti huchukua miezi mingi, na zipo zinazokaa miaka bila kuisha.

Msomaji wa pwani atavutiwa zaidi na matumbawe. Nyumba za mawe za Lamu, misikiti ya kale na magofu ya Gede vilijengwa kwa matumbawe, na mafundi wa Waswahili walijua kwamba aina moja laini, ambayo wanasayansi huiita Porites, huchongeka kwa urahisi inapotolewa majini ikiwa mbichi. Kwa hiyo waliitumia kwa nakshi za mihirabu. Mwaka 1974 watafiti wawili, Roy na Linnehan, walichapisha njia ya kuyageuza matumbawe, kwa joto na mgandamizo, yawe madini yaleyale yaliyomo katika mfupa wa binadamu huku vitundu vyake vikibaki kama vilivyokuwa. Porites ilikuwa miongoni mwa zilizochaguliwa, kwa kuwa vitundu vyake vina ukubwa unaofaa kupitisha chembe na mishipa midogo ya damu. Sifa iliyompendeza mchonga mihirabu, ule upole wa jiwe lenye vitundu, ilimpendeza pia mpasuaji. Haistaajabishi. Linalostaajabisha ni kwamba bidhaa hiyo hufika Afrika Mashariki ndani ya kisanduku kilichofungwa ng'ambo, na hakuna anayemwambia mgonjwa kwamba kilichomo kina asili ya baharini.

Vijazio hivi vina mahali pake, na ingekuwa ukaidi kuvikataa. Uko uvimbe wa gegedu, usio saratani, ambao hula mfupa wa kidole kutoka ndani hadi ukabaki ganda jembamba. Mpasuaji akishaukwangua, shimo linalobaki lina kuta zilizo hai pande zote, na punje za kijazio zikitiwa humo mfupa wa jirani utaingia taratibu. (Hata hapo wapo madaktari ambao huliacha shimo tupu, nalo hupona.) Kadhalika ncha ya kigasha iliyosagika ikiinuliwa huacha uwazi ambao kijazio huweza kuuziba, ingawa tangu vyuma vya kisasa vyenye skrubu zinazojifunga kwenye bamba vilipoenea, uwazi huo mara nyingi hauhitaji kutiwa kitu chochote.

Lakini pale ambapo mfupa umekataa kuunga, kama ule wa mtumbwi, tatizo si uwazi. Tatizo ni upungufu wa damu na wa chembe, na punje za kiwandani hazina hata kimojawapo. Kuzitia mahali hapo peke yake ni sawa na kusimamisha miti ya jukwaa kwenye kiwanja ambacho hakina mwashi. Na pale ambapo jeraha lilikuwa wazi, limeingia udongo wa shambani au lami ya barabarani, kijazio kisicho na uhai hugeuka maficho ya vijidudu, na italazimu kitolewe. Majeraha ya bodaboda na ya mashine za mahindi, kwa bahati mbaya, ni ya aina hiyo mara nyingi.

Kwa majeraha makubwa ya kigasha yenye uchafu, mojawapo ya njia zilizoleta tija haikutokana na bidhaa mpya ya bei kali. Mfaransa Alain-Charles Masquelet alianza kuitumia mwaka 1986 na kuichapisha mwaka 2000. Pengo husafishwa, likatiwa bonge la saruji ya mifupa iliyochanganywa na dawa ya kuua vijidudu. Mwili, ukiliona bonge hilo kuwa geni, hulivika utando. Baada ya majuma sita hadi manane, bonge hutolewa, na ndani ya utando huo uliojaa damu na kemikali za wito hupakiwa mfupa wa mgonjwa mwenyewe. Methali ya Waswahili husema mgeni njoo, mwenyeji apone. Hapa mgeni alikuja, mwenyeji akajenga ukuta wa kumzunguka, mgeni akaondoka na kuacha chumba. Aliyepona alijiponya kwa mfupa wake.

Watetezi wa vijazio hujibu kwamba kuchukua mfupa wa nyonga ni kumtia mgonjwa jeraha la pili, na jeraha hilo wakati mwingine huuma kuliko lile la kwanza. Ni kweli, wapo wanaolalamikia nyonga miezi mingi baada ya mkono kupona, na kwa mtu anayelala kitandani kwa ajili ya mvunjiko mkubwa wa paja hoja hiyo ina uzito mkubwa. Kwa mkono ina uzito mdogo. Kidole au mfupa wa mtumbwi huhitaji mfupa kiasi cha kijiko cha chai au pungufu. Kiasi hicho hupatikana kwenye ncha ya kigasha kilekile, sentimita chache kutoka kwenye jeraha, au kwenye ncha ya kisugudi, mkono ukiwa umetiwa ganzi na mgonjwa yu macho. Hakuna nyonga inayoguswa. Mgonjwa akielezwa hivyo, huenda akachagua tofauti na yule aliyeambiwa tu kwamba kuna mfupa bandia wa kisasa na kwamba bila huo atakatwa nyongani.

Neno "kisasa" nalo lina uzito wake. Mwaka 1965 Marshall Urist wa Los Angeles alionyesha kwamba unga wa mfupa uliotolewa madini, ukitiwa ndani ya msuli wa mnyama, huotesha mfupa mahali ambapo mfupa hauna kazi. Kutokana na ugunduzi huo ilitengenezwa protini ya wito, ikaidhinishwa Marekani mwaka 2002 kwa upasuaji wa uti wa mgongo, ikauzwa kwa fedha nyingi mno. Mwaka 2011 jarida moja la Marekani la upasuaji wa uti wa mgongo lilichapisha uchunguzi uliobaini kwamba madhara yake yalikuwa yamepunguzwa mno katika ripoti za awali. Nchi tajiri ilichukua takriban miaka kumi kulibaini hilo.

Turudi basi kwenye jina. "Bandia" ni neno lenye nyuso mbili. Katika "meno bandia" na "mguu bandia" hutaja kitu kinachofanya kazi ya kile kilichopotea. Katika "noti bandia" na "daktari bandia" hutaja udanganyifu. Mgonjwa anayelisikia anaweza kuelewa kwamba atapewa mfupa mzima wa kudumu, kama mguu wa kuvaa, au anaweza kushuku kwamba anatiliwa kitu ghushi. Maana zote mbili zinapotosha. "Kibadala", neno wanaloshabikia wanaisimu, lina kasoro nyingine: kibadala cha fonimu huweza kukaa mahali pa mwenzake pasipo maana kuharibika, ilhali punje za fosfeti haziwezi kukaa mahali pa mfupa hai na mambo yakawa yaleyale. "Kijazio" ni neno la unyenyekevu. Hutaja kazi halisi ya kitu, yaani kujaza, na humwachia mgonjwa nafasi ya kuuliza swali linalofuata: mfupa utatoka wapi?

Wapo watakaosema kwamba mjadala wa istilahi ni anasa ya madarasani. Sheria ya nchi haikubaliani nao. Katiba ya mwaka 2010, katika kifungu cha 7, iliifanya Kiswahili kuwa lugha ya taifa na mojawapo ya lugha rasmi mbili. Sheria ya Afya ya mwaka 2017, katika kifungu cha 8, humtaka mhudumu wa afya amweleze mgonjwa hali yake, njia za tiba zilizopo, manufaa, hatari na gharama za kila njia, na haki yake ya kukataa. Tena amweleze, inapowezekana, kwa lugha anayoielewa na kwa kuzingatia kiwango chake cha kujua kusoma. Fomu ya idhini iliyoandikwa kwa Kiingereza cha kitabibu, ikasomwa kwa haraka na kutiwa dole gumba, haitimizi matakwa hayo hata kama kila herufi yake ni sahihi.

Na yapo mambo ambayo mgonjwa peke yake ndiye mwenye haki ya kuyaamua. Baadhi ya vijazio hutengenezwa kwa mifupa ya ng'ombe. Wapo Wahindu ambao hawangeridhia, na Mwislamu anaweza kutaka kujua mnyama ni yupi na alichinjwa vipi kabla ya kujibu. Vingine hutoka kwa binadamu waliofariki. Si kazi ya daktari kukisia itikadi ya mtu kwa kulitazama jina lake kwenye faili. Suala la fedha nalo ni la mgonjwa. Tangu Oktoba 2024 Mamlaka ya Afya ya Jamii imechukua nafasi ya NHIF, na asiye na mshahara hutozwa mchango usiopungua shilingi 300 kwa mwezi. Lakini kuwa na kadi hakumaanishi kwamba kila kisanduku kinacholetwa chumba cha upasuaji kimelipiwa. Familia inayoombwa ichange iuze ndama kwa ajili ya punje za kijazio inastahili kujua kama punje hizo ni za lazima au ni za kumrahisishia mpasuaji kazi kwa dakika ishirini.

Udhuru wa kwamba Kiswahili hakina maneno haukubaliki tena. TUKI ilichapisha kamusi sanifu ya biolojia, fizikia na kemia mwaka 1990, na katika aya zilizotangulia pandikizi, kijazio, kiunzi, gegedu, utando, kigasha na kisugudi yamefanya kazi bila kuazima neno. Kinachokosekana ni watu wa kuyapeleka wodini. Chuo Kikuu cha Moi kina wanafunzi wa Kiswahili na kina skuli ya tiba iliyopokea wanafunzi wake wa kwanza mwaka 1990. Makundi hayo mawili hukutana katika matatu kuliko yanavyokutana katika kazi. Tasnifu zinazohesabu tamathali katika riwaya ni nyingi, na haziwezi kudharauliwa. Tasnifu moja inayotafsiri fomu ya idhini, ikaijaribu kwa wagonjwa halisi chini ya uangalizi wa madaktari na kuona ni sentensi ipi iliyowatatiza, ingesomwa na watu wengi zaidi ya watahini watatu.

Sentensi zenyewe hazihitaji ufundi. "Mfupa mdogo wa kifundo cha mkono wako haukuunga kwa sababu kipande kimoja hakipati damu. Tunaweza kuchukua mfupa kidogo kutoka kwenye kigasha chako, karibu na hapo, tuutie katika pengo. Utakuwa na kovu moja dogo zaidi na hutalipia mfupa huo. Tunaweza pia kutia kijazio kilichotengenezwa kiwandani kutokana na madini, au na mfupa wa ng'ombe; hicho hakina uhai, hujaza tu, na bei yake ni hii. Njia yoyote utakayochagua, mkono utafungwa kwa majuma mengi, na upo uwezekano kwamba hautaunga. Una haki ya kukataa. Una swali?" Mwendeshaji bodaboda wa Munyaka, akishasikia hayo, pengine atauliza ni lini ataweza kuvuta klachi tena, na daktari atalazimika kumjibu kwamba huenda ikawa miezi mitatu, huenda ikawa zaidi.